Bakteria Aliyenishika Mguu

Usiku wa kuamkia leo niliota sumaku ya kinu changu imebisha hodi na kuomba chai.

Niliitambua mara moja. Ni kipande cha chuma cheusi, kizito, kilichopinda kama mkono uliokunjwa. Zamani nilipokuwa na kinu cha kusaga mahindi, kilikaa mdomoni mwa kinu kikinasa misumari na vipande vya waya ambavyo watu huleta ndani ya magunia bila kujua. Kinu nilikiuza, sumaku nikabaki nayo. Sasa hukaa dirishani chumbani kwetu na kazi yake ni kushikilia funguo.

"Karibu," nikaiambia. "Unatumia sukari?"

"Natumia. Lakini usiweke kijiko. Kitanigandia."

Tukanywa. Sikuona ajabu yoyote. Mtu aliyesoma hashangai ovyo.

Ilipomaliza, sumaku ikageuza kikombe juu chini na kusema, "Haya, vaa. Unasubiriwa darasani."

"Darasa la nani?"

"La wale uliokuwa unamhubiria mama habari zao jana."

Hapa lazima nieleze kidogo, ili msomaji asiachwe nyuma.

Mke wangu Kageha, ambaye mimi humwita Mama Minayo kwa jina la binti yetu wa kwanza, anaumwa kichwa tangu msimu wa kupanda. Daktari anashuku kuna uvimbe ndani. Hawezi kuutibu bila kuuona, na ili auone anataka picha ya ile mashine ya sumaku. Mashine yenyewe ni bomba. Mgonjwa hulazwa chali na kusukumwa ndani kama mkate unavyosukumwa tanuruni. Mama Minayo alisukumwa mara moja. Kabla picha haijapigwa alipiga ukelele, wakamtoa, akaondoka na gauni la hospitali, viatu mkononi, akapita mbele yangu kama hanijui. Tulipewa nafasi nyingine, nayo ni ya leo asubuhi. Alikuwa amekataa. Daktari naye amesema waziwazi kwamba jambo hili si la kungoja.

Siku ile ya kwanza, mama anayehudumu kwenye mashine alituambia kwamba mtu wa nyumbani anaweza kukaa na mgonjwa mle ndani, mradi aache nje kila kitu cha chuma. Niliacha saa, nikaacha mkanda, nikaacha funguo. Kisha akaonyesha beji yangu.

Beji hiyo nilivishwa siku niliyohitimu masomo ya ngumbaru, mbele ya chifu na watu wa lokesheni nzima. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nasaga mahindi mchana na kusoma kwa taa usiku. Tangu nivishwe sijawahi kutoka nyumbani bila hiyo beji. Nikamweleza yule mama kwamba ni ya shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Akasema masharti ni masharti. Nikamweleza tena, kwa mifano. Mwishowe akakubali: ni kweli, shaba haivutwi. Lakini wakati huo mlango ulikuwa umeshafungwa na Mama Minayo yuko ndani peke yake. Kwa hiyo nilibaki nje na beji yangu, na hoja yangu ikiwa imeshinda.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwelimisha. Katika jarida moja la sayansi nilisoma habari za bakteria wanaoishi kwenye tope, ambao ndani ya mwili hujitengenezea punje ndogo mno za madini ya chuma yenye usumaku. Punje hizo hujipanga mstari kama shanga kwenye uzi, na mstari huo ni dira yao. Kwa dira hiyo na kwa kuonja hewa iliyomo majini, wanashuka hadi pale kwenye hewa kidogo, kwa maana hewa nyingi hawaipendi. Wanasayansi wanawajaribu kwa kazi nyingi. Wengine wanataka wasafishe maji yenye metali za sumu. Wengine wamewajaribu kwa panya, wabebe dawa na kuongozwa kwa sumaku hadi katikati ya uvimbe, ambako pia hewa ni haba. Na punje zao zinaweza kusaidia picha za mashine kama ile zionekane vizuri zaidi.

Haya yote nilimsomea jana jioni, kwa sauti.

"Wanakula nini?" Mama Minayo akauliza.

"Hilo si muhimu."

"Kwao ni muhimu."

"Mama Minayo, sikiliza hoja. Kiumbe asiyeonekana kwa macho amebeba sumaku tumboni na hana wasiwasi. Wewe mwenye akili timamu unaogopa nini? Sumaku haichomi. Sumaku haikati. Ni bomba tu."

"Ni bomba tu?"

"Ni bomba tu."

"Basi ingia wewe," akasema, akageukia ukuta na kulala.

Sasa narudi kwenye ndoto.

Nikavaa koti langu lenye beji, nikafuata sumaku. Tunafungua mlango wa nyumba, na nje si nje. Ni lile darasa la ngumbaru, na taa ile ile ya karabai inanguruma juu ya meza. Madawati yamejaa. Kwenye kila dawati wamekaa bakteria, wembamba, warefu kama tango, kila mmoja na mkia wake ameukunja vizuri chini ya kiti. Ngozi yao ni kama kioo. Ndani ya kila mmoja naona punje nyeusi zimepangwa mstari mmoja ulionyooka.

Nusu yao wanatazama ukuta wa kaskazini. Nusu wanatazama ukuta wa kusini. Ubao uko mashariki. Hakuna hata mmoja anayenitazama.

"Geukeni," nikasema.

"Hatuwezi," wakajibu kwa pamoja, kwa heshima.

"Kwa nini mnatazama pande mbili?"

"Mzee, hapa si ikweta? Wa kaskazini hufuata kaskazini, wa kusini hufuata kusini. Huku katikati tumekutana, tunaishi pamoja."

"Na hamgombani?"

"Wakati wa chakula tu."

Nilitaka kuuliza wanakula nini, nikajizuia.

Nikaanza somo. Nikaeleza kani ya sumaku, nikachora mistari yake ubaoni, nikachora dunia na ncha zake. Nilifundisha vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu. Nyuma kabisa nikasikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mzee anahubiria visogo."

"Nani amesema hivyo?"

"Ni mimi," akasema mmoja mnene, mwenye mikia miwili. Nikaja kujua baadaye kwamba ndiye kiongozi wao, ingawa hakuna aliyemchagua. "Usikasirike, mzee wangu. Ndiwe Elifasi Mugoha uliyehitimu ngumbaru?"

"Ndimi."

"Na ndiwe uliyesema kwamba sisi hatuna wasiwasi?"

"Ndivyo jarida lilivyosema."

"Jarida lilisema tuna sumaku. La wasiwasi umeongeza wewe."

Darasa zima likacheka, mikia ikapiga sakafu. Nikageuka, nikafuta ubao.

Yule mnene akatoa punje moja kutoka ndani yake na kuiweka kiganjani mwangu, kama mtu anavyotoa pipi mfukoni. Punje ikazunguka huku na huku, haikutulia.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika. Iko peke yake. Ni ndogo mno, kila kitu kinaisukuma. Irudishe."

Nikairudisha kwenye mstari, ikatulia palepale.

"Haya," akasema. "Kengele imelia. Tunaenda kazini, na leo unakwenda nasi."

Sikuwa nimesikia kengele. Lakini madawati yote yameondoka, na ukuta umeondoka, na tumesimama kwenye kinamasi, tope jeusi linalonuka mayai mabovu. Bakteria wamepanga foleni. Kila mmoja amebeba kichupa cha dawa mgongoni, kimefungwa kwa kamba ya katani. Mbele kuna mlango umesimama wenyewe katikati ya tope, bila nyumba. Mlangoni kuna meza, na nyuma ya meza amekaa sumaku wangu, yule yule niliyekunywa naye chai, amevaa kofia ya bawabu.

"Chuma kinaachwa mlangoni," akasema, kana kwamba hatujuani.

"Lakini hawa wanapita na chuma tumboni!"

"Hao ni wafanyakazi. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Nikaacha saa. Nikaacha mkanda, nikashika suruali kwa mkono. Nikaacha funguo. Jino langu lenye kofia ya fedha likatoka lenyewe na kukaa mezani, likasema, "Nitakungoja hapa."

Sumaku akatazama beji.

"Hii ni shaba," nikasema. "Shaba haivutwi na sumaku. Wewe mwenyewe unajua. Miaka yote hiyo kwenye kinu, umewahi kunasa shaba?"

"Sijawahi."

"Umeona?"

"Nimeona. Iache."

"Lakini huwezi kuivuta!"

"Sikusema nitaivuta, Baba Minayo. Nimesema iache."

Nikageuka kutafuta mwenye akili wa kuniunga mkono. Foleni nzima ya bakteria imesimama nyuma yangu na vichupa vyao, inangoja. Hakuna anayesukuma. Hakuna anayenung'unika. Dawa inaanza kupoa. Sijui nilijuaje kwamba dawa inapoa, lakini nilijua.

Nikafungua pini. Mkono wangu ulikuwa mzito kama wa mtu anayevua shati mbele za watu. Kifua changu kikaonekana kitupu, na pale beji ilipokaa koti halikuwa limepauka. Palikuwa na duara jipya la rangi ya zamani. Sumaku akaipokea kwa vidole viwili na kuiweka kando ya jino.

"Lala chali," akasema.

"Kwani siwezi kuingia kwa miguu?"

"Hakuna aingiaye mle kwa miguu."

Nikalala. Wakanisukuma.

Tope likajifunga juu ya uso wangu, kisha si tope tena. Ni bomba. Dari yake iko karibu na pua yangu, karibu kuliko nilivyomweleza mtu yeyote. Mabega yangu yanagusa pande zote mbili. Nikajaribu kuinua mkono nikune pua, mkono haukupata nafasi. Kisha kelele zikaanza, gong-gong-gong, kama nyundo za kinu zinazozunguka bila mahindi, na mimi najua kelele hiyo, nimeishi nayo, ila sikuwahi kuwa mimi ndiye niliyemo ndani ya kinu.

"Hewa inapungua," nikasema.

"Ndiyo," wakasema kwa furaha, wakinipita kila upande. "Hapa ndipo panapoanza kuwa pazuri."

Nikajikumbusha elimu yangu. Nikasema kwa sauti: "Sumaku haichomi." Neno likatoka mdomoni likiwa punje nyeusi, likaanguka kifuani, likazunguka huku na huku. "Sumaku haikati." Punje nyingine, ikaanguka upande mwingine. "Ni bomba tu." Hii ikadondoka puani. Nikazidi kusema, na punje zikazidi kunifunika, na hakuna hata moja iliyokaa mstari na nyingine. Zote zilikuwa kweli, na hazikunisaidia lolote.

Nitasema jinsi ilivyokuwa. Nilitaka kupiga ukelele. Nilikwishafungua mdomo. Kilichonizuia ni kwamba sikukumbuka mwanamume wa rika langu hupiga ukelele namna gani, na nilikuwa bado nafikiria, ndipo kitu kikanishika kidole gumba cha mguu.

"Nani?"

"Ni mimi." Ilikuwa sauti ya yule mnene.

"Unafanya nini?"

"Nimekushika mguu."

"Kwa ajili ya nini? Ni sehemu ya utaratibu?"

"Hapana. Nimeona vidole vinatetemeka."

Nikafikiri. Gong-gong-gong.

"Hii itaisha saa ngapi?" nikauliza.

"Sijui."

"Hujui? Wewe si ndiye kiongozi?"

"Najua njia ya kwenda chini. La saa silijui. Ila nipo."

Akakibana kidole kidogo, kama mtu anayepima embe. Na hapo, nikiwa sijasema kitu wala kueleza kitu, punje zote kifuani zikageuka polepole na kujipanga mstari mmoja, kutoka kidevuni hadi kwenye kidole kilichoshikwa. Nikavuta pumzi. Ilikuwa ndogo, lakini ilinitosha.

Bomba likaishia kwenye chumba kidogo chenye giza. Bakteria wote wamefika, wamejaa ukutani na sakafuni, vichupa bado mgongoni. Hakuna anayeshusha mzigo.

"Mbona hamshushi?" nikauliza. "Si hapa ndipo penye uvimbe?"

"Ni humu kichwani," yule mnene akasema, "ila kichwa ni kipana. Pa kushushia hatupajui. Hatujapewa picha. Mwenye kichwa bado hajakubali."

Nikatazama vizuri. Katikati ya chumba, juu ya kigoda chetu cha jikoni, Mama Minayo amekaa na gauni la hospitali, viatu mkononi. Hakuniuliza nimefikaje.

"Umeingia?" akasema.

"Nimeingia."

"Pakoje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa yamechapishwa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Ni pabaya."

Mama Minayo akacheka. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani, kwa mabega, hadi viatu vikagongana. "Mungu wangu," akasema. "Siku zote hizi nadhani ni mimi mwenye wazimu."

Bakteria wakatutazama wote pamoja, wa kaskazini na wa kusini. Ilikuwa mara ya kwanza kugeuka.

Nikaamka.

Kumekucha. Jogoo wa jirani anawika kwa kuchelewa kama kawaida yake. Mama Minayo yuko jikoni, nasikia sufuria. Nikamfuata. Amevaa leso na ndara za nyumbani, na anapepeta maharagwe ambayo hayakuwa na haraka ya kupepetwa. Nilielewa maana ya maharagwe hayo.

"Usianze," akasema bila kuinua kichwa. "Sitaki kusikia habari za wadudu."

"Sianzi."

Akainua kichwa. Nadhani ni sauti yangu. "Una nini?"

"Mama Minayo, mle ndani ni pabaya."

Ungo ukasimama. "Nani amekuambia?"

"Niliingia. Usiku."

Mwanamke mwingine angeniuliza kama nina homa. Yeye akauliza, "Dari ni karibu, eh?"

"Karibu na pua."

"Na huwezi kujikuna."

"Huwezi. Na elimu haisaidii. Nilijaribu."

Akaweka ungo chini. Hakucheka kama ndotoni, lakini mdomo ulicheza kidogo pembeni. "Sasa wewe ulitokaje?"

"Nilishikwa mguu. Nataka nikushike mguu, kama utakubali. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Hata moja."

"Na ile beji yako? Au utabaki tena pale mlangoni unamfundisha yule mama habari za shaba mpaka nitoke?"

Nikarudi chumbani, nikachukua koti kwenye msumari, nikafungua pini ya beji. Haikuwa nyepesi kama nilivyotaka iwe. Nikaigeuza ili niiweke dirishani karibu na sumaku.

Nyuma yake, juu ya shaba, palikuwa na punje nyeusi, ndogo kuliko mbegu za wimbi, zimejipanga mstari mmoja ulionyooka. Nikadhani ni uchafu. Nikazipuliza, hazikutoka. Nikaizungusha beji kulia, mstari ukageuka wenyewe kurudi kaskazini. Nikaizungusha kushoto. Ukarudi kaskazini.

Shaba haivutwi na sumaku. Nalisema hilo hadi sasa.

Mama Minayo alikuwa amesimama nyuma yangu, nami sikumsikia akiingia. Akaichukua beji mkononi mwangu, akaizungusha mara moja mwenyewe, akatazama mstari ukirudi. Akanusa vidole vyake.

"Inanuka tope," akasema. Akaiweka dirishani. "Vile viatu vyangu umeviweka wapi?"

Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango wa mashine. Mama Minayo yupo karibu nami na lile gauni lao. Ameniomba nimsimulie tena mahali pale jino liliposema litaningoja, na amecheka kwa mabega. Saa, mkanda na funguo viko kwenye sinia la yule mama wa siku ile. Amenitazama kifuani, akaona duara lile ambalo halijapauka, asiseme kitu, nami sikumwambia kitu.

Sasa wametuita. Kalamu hii ina ncha ya chuma. Naiacha mlangoni.